Mti wa 41: Uchambuzi wa Kisa cha Shamba Dogo la Miembe

Kisa ninachokichambua hapa ni cha shamba letu wenyewe: miembe 60 ambayo babu aliiotesha kwa kokwa, akaipanda kwa mistari iliyonyooka, kisha akamwachia baba akiwa bado kijana. Leo shamba hilo linaendeshwa na watu sita wa familia moja, yaani baba na mama, kaka yangu na mke wake, binti yao, na mimi niliyekabidhiwa daftari. Kwa misimu mitatu mfululizo maembe yaliyofaa kuuzwa yalipungua, na nyumba ikagawanyika: kaka alitaka miti yote ing'olewe na kupandwa miche mipya, baba akakataa hata kulisikia jambo hilo likitajwa mezani. Kwa nje ulikuwa ugomvi wa kilimo tu. Nilipoufuatilia kwa karibu niliona kwamba ndani yake kulikuwa na namna mbili za kushukuru na namna mbili za kutumaini ambazo hakuna aliyewahi kuzitamka waziwazi, na kwamba zote nne zilikuwa na kasoro iliyotugharimu.

Nianze na miti yenyewe, kwa kuwa hoja za pande zote mbili zilitoka huko. Mwembe uliooteshwa kwa kokwa unaweza kufikia kimo cha mita 30 ukiachwa ukue upendavyo, na mingi ya kwetu ilikuwa imeshapita mita 12. Kwa kimo hicho mchumaji hawezi kulifikia embe kwa mkono, hivyo tulikuwa tukipanda na kutikisa matawi, au kuvuta matunda kwa kijiti chenye ndoana, na sehemu kubwa ilianguka chini ikachubuka. Hata embe lisilochubuka huharibika likichumwa vibaya, kwa sababu kikonyo kikikatika karibu mno na tunda, utomvu hutoka kwa nguvu, huchirizika juu ya ganda na kuliunguza, na siku mbili baadaye mnunuzi huona michirizi myeusi iliyokuwa haionekani shambani. Kaka alikuwa na haki ya kusema kwamba tulikuwa tunalima kwa mwaka mzima na kuharibu kwa wiki mbili.

Jambo la pili lilikuwa kuzaa kwa kupokezana. Mwembe mzee wa kokwa mara nyingi huzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata. Sababu yake inaeleweka vizuri: matunda mengi humaliza akiba ya wanga ambayo mti umeihifadhi katika shina na matawi, na vitawi vilivyobeba hadi mwisho wa msimu huchelewa kutoa majani mapya, kwa hiyo wakati wa kuchanua unapofika vitawi hivyo huwa bado ni vichanga visivyoweza kutoa maua. Baba hakuwahi kulitazama jambo hili hivyo. Kwake mwaka wa mavuno ulikuwa neema na mwaka wa mapumziko ulikuwa jaribu, na shukrani yake ilipanda na kushuka pamoja na idadi ya makreti. Mwaka mzuri alisimama chini ya mwembe wa kwanza na kumtaja babu kwa sauti, akiwashukuru wote waliomtangulia. Mwaka mbaya alinyamaza, akasema kwamba mwaka ujao mambo yatakuwa mazuri, na kwa kuwa miti ilikuwa inapokezana, mara nyingi ikawa hivyo. Tumaini lake lilithibitishwa na jambo ambalo halikulihusu, na hilo ndilo lililolifanya liwe gumu kuhojiwa.

Kwa upande mwingine, baba hakuwahi kuruhusu maembe yaliyoanguka yahesabiwe. Aliniambia wazi siku nilipoanza kuyarundika ili niyapime: "Mwanangu, ardhi nayo ina fungu lake. Anayehesabu kilichopotea hajashukuru kwa kilichobaki." Niliyaheshimu maneno hayo, na bado nayaheshimu, kwa sababu yalitoka kwa mtu asiye na choyo. Lakini yalikuwa na asili yake katika shamba la wakati mwingine. Katika siku za babu, embe lililooza chini ya mti lilirudi udongoni na kuwa mbolea. Babu hakumjua nzi wa matunda anayetusumbua sisi. Nzi huyo, Bactrocera dorsalis, asili yake ni Asia. Aligunduliwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2003, akapewa jina jingine mwaka 2005 kwa kudhaniwa kuwa ni spishi mpya, na mwaka 2015 wataalamu wakaafikiana kwamba ni yuleyule. Jike lake hutoboa ganda la embe linalokaribia kukomaa na kutaga mayai chini yake. Funza hula nyama ya tunda kutoka ndani, tunda huanguka kabla ya wakati, kisha funza hutoka, hujichimbia sentimita chache udongoni na kugeuka pupa, hatua ya mdudu kabla ya kuwa nzi mzima. Katika hali ya joto, mzunguko wote kutoka yai hadi nzi mzima huchukua takriban wiki tatu hadi nne, muda ambao msimu mmoja wa maembe unautosha zaidi ya mara moja. Fungu la ardhi, kama baba alivyoliita kwa moyo mweupe, lilikuwa kitalu cha nzi chini ya kila mti wetu.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa. Shukrani ya baba ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya jumla: ilishukuru shamba zima kwa mkupuo, na kwa hiyo haikuweza kuona mti mmoja mmoja, wala mkono mmoja mmoja. Tumaini la kaka nalo lilikuwa la kweli, ila lilidai kwamba kila kilichokuwepo kifutwe kwanza. Mwanasaikolojia wa Marekani Charles Richard Snyder, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Kansas, alieleza pamoja na wenzake mwaka 1991 kwamba mtu mwenye tumaini huwa na lengo, huwa na msukumo wa kulifuata, na huwa anaziona njia za kulifikia, na moja ya njia hizo ikiziba anaweza kufikiria nyingine. Nikiwapima wazee wangu kwa kipimo hicho, kaka alikuwa na lengo na msukumo wa kutosha lakini njia moja tu, ambayo ingetuacha bila mavuno kwa miaka kadhaa. Baba alikuwa na lengo la kulinda shamba lisipotee, na subira isiyochoka, lakini hakuwa na njia hata moja zaidi ya kungoja.

Suluhisho halikuanza kwa mazungumzo. Lilianza kwa daftari, na nakiri kwamba mwanzoni nililianzisha kwa uchungu, nikitaka kuthibitisha hasara. Binti ya kaka alichora namba kwa rangi nyeupe kwenye kila shina, kuanzia 1 hadi 60, nami nikaandika kwa kila mti siku ulipochanua, matunda yaliyochumwa yakiwa mazima, na yaliyoanguka. Mama alipoona ukurasa wa kwanza aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Na yaliyosalia, yamesalia kwa mkono wa nani?" Sikuwa na jibu. Nikaongeza safu nyingine katika daftari, safu ya mikono, na msimu ule nikawa naandika upande mmoja kilichopotea na upande wa pili kilichookolewa pamoja na jina la aliyekiokoa.

Safu ile ya mikono ndiyo iliyobadilisha mambo nyumbani zaidi ya utaalamu wowote, na ninataka nikae nayo kidogo.

Jina lililojirudia kuliko mengine yote lilikuwa la wifi yangu. Bila kuagizwa na mtu, tangu alipofundishwa na afisa ugani namna nzi anavyozaliana, alikuwa akiamka alfajiri kila baada ya siku mbili, akiokota matunda yaliyoanguka katika mistari miwili iliyo karibu na nyumba, akiyafunga ndani ya mifuko myeusi ya plastiki na kuyaacha juani siku kadhaa hadi funza wafe kwa joto. Alifanya hivyo baba akiwa bado usingizini, ili asimkwaze. Katika mistari ile miwili, daftari lilionyesha kwamba maembe mazima yalikuwa mengi kwa kila mti kuliko katika mistari mingine minne, ijapokuwa miti ilikuwa ya rika moja na udongo uleule. Tulikuwa tumemshukuru babu kila msimu, kwa kutaja jina lake, na hatukuwa tumemwambia wifi ahsante hata mara moja. Kumshukuru aliyetangulia ni rahisi, kwa kuwa hadai kitu. Kumshukuru anayeishi nawe kunamaanisha kukubali kwamba una deni lake, na deni linalipwa.

Nilimsomea baba ukurasa ule jioni moja, jina baada ya jina, bila kuongeza neno. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kesho yake alfajiri alikuwa shambani na mfuko, akiinama kwa shida kwa sababu ya magoti yake, akiokota. Baadaye mwaka huo yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza kwamba wifi awe na fungu lake katika mauzo, liandikwe kwa jina lake, lisipitie kwa mumewe. Kaka alikubali, ingawa haikuwa mara moja.

Ipo tafiti moja inayojulikana sana kuhusu shukrani, iliyochapishwa mwaka 2003 na wanasaikolojia wa Marekani Robert Emmons na Michael McCullough. Katika sehemu moja ya kazi yao, baadhi ya wanafunzi waliombwa kuandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mambo waliyoshukuru, wengine waandike mambo yaliyowakera. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa ujumla kuwa mazuri zaidi na kuwa na matarajio mema zaidi kuhusu wiki inayofuata. Naiamini tafiti hiyo, na uzoefu wetu haupingani nayo. Ila katika shamba la matunda safu moja haitoshi. Mtu akiandika shukrani peke yake, nzi wanaendelea kuzaliana. Akiandika hasara peke yake, kama nilivyokusudia mimi, wenzake wanachoka na kuanza kulaumiana. Safu mbili zikikaa kwenye ukurasa mmoja, hasara inaonyesha kazi iliyobaki na shukrani inaonyesha nani tayari anajua namna ya kuifanya.

Daftari hilohilo lilituonyesha mti wa 41. Kokwa za aina nyingi za maembe hubeba kiinitete kimoja kilichotokana na uchavushaji, kwa hiyo mche unaoota hauwi nakala ya mti mama, na shamba lililooteshwa kwa kokwa huwa na miti inayotofautiana kwa ladha, kwa ukubwa wa matunda na kwa tabia ya kuzaa. Sisi sote tulijua kwamba yapo maembe matamu na yapo ya nyuzi, lakini kwa kuwa tuliyachanganya katika makreti, hakuna aliyejua ni mti gani unaotoa nini. Baada ya misimu miwili ya kuandika, mti wa 41, ulio mwisho wa mstari wa nne mbali na njia, ulionekana kuzaa kila mwaka kwa wastani uleule, matunda yake yakiwa na nyuzi chache na kokwa nyembamba. Babu alikuwa ameupanda, labda bila kujua, na sisi tulikuwa tumeula kwa miongo bila kuutambua.

Ndipo njia ya tatu ilipopatikana. Afisa ugani alitueleza kwamba mwembe mzee hauhitaji kung'olewa ili ubadilishwe. Unakatwa, machipukizi mapya yanatoka kwenye shina lililobaki, kisha yanabebeshwa vitawi vya aina unayoitaka, yaani kila chipukizi hukatwa na kuunganishwa na kitawi cha mti mwingine hadi vishikane, na mti hurudi kuzaa mapema kuliko mche unaoanza upya, kwa sababu mizizi yake tayari imekomaa na imefika mbali. Baba alisikiliza, akauliza swali moja tu: kama mizizi itakuwa ni ileile. Alipoambiwa ndiyo, alisema tuanze na mstari wa mbali, asiouona kutoka dirishani. Kaka alitaka vitawi vyote viwe vya aina inayotafutwa sokoni. Mimi niliona hatari ya kuweka shamba zima chini ya aina moja ya embe, ambayo ugonjwa mmoja ungeweza kuiangusha. Tukakubaliana nusu ya miti ipokee vitawi vya kununua kitaluni na nusu ipokee vitawi vya mti wa 41, na kazi igawanywe kwa miaka mitatu, miti 20 kila mwaka kasoro ule mti mama wenyewe, ili mavuno yasikatike kabisa.

Utekelezaji ulikuwa mgumu kuliko maelezo. Tulikata miti ya kwanza kwa kimo cha kifua, tukaacha tawi moja kwenye kila mti liendelee kuvuta maji na kulisha mizizi, na tukapaka mashina chokaa ili jua lisiyapasue, kwa maana gome lililozoea kivuli kwa miaka mingi huungua likiachwa wazi ghafla. Machipukizi yalitoka mengi. Tukayapunguza, tukabakiza machache yenye nguvu yaliyoachana vizuri kuzunguka shina. Kisha tukaharakisha. Tulibebesha machipukizi yakiwa bado membamba, katikati ya mvua kubwa, kwa kuwa kaka alikuwa na shauku na mimi sikumzuia. Zaidi ya nusu ya vitawi vilikauka au kuoza ndani ya nailoni tulizovifungia. Ulikuwa mwezi mbaya: mstari mzima wa visiki vyeupe, na baba anapita pembeni yake bila kusema neno.

Ninaamini kwamba bila daftari kisa kingeishia pale. Lakini katika safu ya mikono kulikuwa na vitawi vilivyoshika, na vingi kati ya hivyo vilikuwa vimefungwa na binti ya kaka. Tulimwomba atuonyeshe anavyofanya. Alikuwa akichagua chipukizi lenye unene wa penseli na kitawi chenye unene uleule, akikata pande zote mbili kwa wembe mpya, na akihakikisha kwamba angalau upande mmoja tabaka la kijani lililo chini ya gome linakutana na la mwenzake kabla ya kufunga kwa kukaza. Alikuwa pia, kama alivyoelekezwa kitaluni, ameyaondoa majani ya vitawi vyake siku kama nane kabla ya kuvikata, akaacha vikonyo vya majani, ili macho ya kuchipua yavimbe yakiwa bado kwenye mti mama. "Shangazi, nyinyi mlikata siku ileile," aliniambia kwa upole. Tuliyarudia yote mvua ilipopungua, naye akiwa mwalimu wetu. Wiki nne baadaye macho mengi yalikuwa yamefunguka.

Kuna jambo jingine dogo ambalo lilimsaidia baba kuliko hoja zangu, nalo ni maua. Shada moja la maua ya mwembe linaweza kubeba maua mamia hadi maelfu, mengi yakiwa ya kiume tu yasiyoweza kuwa tunda, na katika maua yote chini ya asilimia 1 ndiyo hufikia kuwa embe lililokomaa. Binti ya kaka alijaribu kuyahesabu maua ya shada moja, akachoka kabla ya kumaliza; baadaye shada lile lilibaki na maembe mawili. Baba alimkalisha karibu akamwuliza kama aliona mti unahuzunika. Nadhani siku hiyo alikuwa anazungumza na nafsi yake kuhusu vile vitawi vilivyokauka. Na kwa kuwa wachavushaji wakuu wa maua hayo ni nzi wa kawaida pamoja na nyuki, wadudu ambao kila mtu huwafukuza kwa mkono bila kufikiri, wifi aliwaandika nao katika safu ya mikono. Sikumfutia.

Mpaka ninapoandika, miti 20 ya mwaka wa kwanza imeanza kuzaa, kwa kimo ambacho mama anaweza kuchuma akiwa amesimama chini, akikata kikonyo kirefu kwa mkasi ili utomvu usiguse ganda. Ya mwaka wa pili imetoa majani mengi na maua machache. Nzi hawajaisha, tunatega mitego yenye harufu ya kuvutia madume, tunaokota kila baada ya siku mbili, na bado tunapoteza. Msimu uliopita mvua ilinyesha wakati wa kuchanua, ugonjwa wa kuvu uitwao chule ukashika maua ya mistari miwili yakawa meusi, na ule haukuwa mwaka wa mapumziko ambao tungeweza kuusingizia. Kaka na baba bado hawakubaliani kuhusu mti wa kwanza, ule ambao baba husimama chini yake. Matunda yake ni ya nyuzi, kimo chake kinatisha, na kwa hesabu yoyote ungepaswa kukatwa pamoja na wenzake wa mwaka wa tatu. Baba ameomba ubaki. Kaka ameomba jambo moja tu, kwamba kila embe linaloanguka chini yake liokotwe, na baba amekubali kuwa hiyo itakuwa kazi yake mwenyewe.

Miti 18 iliyosalia ilikatwa msimu ulipokwisha, na machipukizi yake sasa yamefikia unene wa penseli. Siku sita zilizopita binti ya kaka aliondoa majani kwenye vitawi 90 vya mti wa 41, akaandika tarehe katika daftari. Macho ya vitawi hivyo yameanza kuvimba, na kama mvua haitarudi, tutavikata keshokutwa asubuhi.